Ukichomeka iPod ya zamani kwenye kompyuta mpya, usikimbilie kubonyeza

Kuna ujumbe mmoja huwa unatokea ukichomeka iPod ya zamani, kile kidude cha Apple cha kusikilizia muziki, kwenye kompyuta mpya yenye iTunes, programu ya Apple ya kupangia muziki, na ujumbe wenyewe umekaa kistaarabu kabisa, unakuambia hii iPod imeshasinkiwa (yaani imefananishwa) na maktaba nyingine, ndo ule mkusanyiko wa nyimbo za iTunes ya kompyuta nyingine, je, unataka kuifuta na kuisinki na maktaba hii? Chini kuna vitufe, kimoja kimeandikwa Erase and Sync. Sasa mtu ana laptopu mpya, ana hamu ya kuona nyimbo zake zimetokea, jicho linadaka hilo neno sync peke yake, ile erase ya mbele wala haioni, anabonyeza. Basi imeisha hiyo. Nyimbo za miaka na miaka zinaondoka kimyakimya, hamna king'ora wala nini, ni kamstari tu kanatembea kwenye skrini kama vile kazi nzuri inaendelea.

Mimi kwenye ukoo ndo yule mtu wa "hebu niangalizie hii", kwahiyo hivi vidude naletewa sana, iPod zenye kile kigurudumu, pleya ndogo za MP3 za kufunga kwenye nguo wakati wa mazoezi, Walkman za Sony za siku nyingi, na kila anayeleta ana swali lilelile, nikichomeka hapa nyimbo zangu zitakuwepo? Jibu langu siku zote ni kwamba inategemea umechomeka wapi na umefanya nini dakika tano za mwanzo. Hizo dakika tano ndo zote, baada ya hapo ni kazi ya kukopi tu ambayo hata mtoto anaiweza.

Kwanza tuelewane kwanini kompyuta inataka kufuta. iPod ilipotangazwa Oktoba 2001, ile ya kwanza kabisa yenye diski ya GB 5 ambayo walisema inabeba nyimbo elfu moja, Apple waliitengeneza ili kompyuta ndo iwe mwenye mali na iPod iwe mchukuzi. Muziki unatoka kwenye kompyuta kwenda kwenye iPod, basi, kurudi hamna. Enzi zile kampuni za muziki zilikuwa na vita kubwa na watu wanaogawana nyimbo kwenye intaneti, na Apple hawakutaka kidude chao kionekane ni gari la kuhamishia nyimbo za wizi toka nyumba hii kwenda nyumba ile, tena iPod za mwanzo zilikuwa na maandishi kwenye nailoni yake ya nje yanakuambia usiibe muziki. Kwahiyo kusinki maana yake ni iPod ifanane na maktaba ya kompyuta. Sasa maktaba ya kompyuta mpya ina nini? Haina kitu. Na iPod nayo inatii, inafanana na hicho kisicho na kitu.

Nikisikia mtu anasema kompyuta imemlia nyimbo huwa nasema hapana, imefanya ilichoambiwa. Ila pia sitetei sana, manake kumpa mtu swali zito namna hiyo kwenye kaboksi kadogo chenye vitufe vinavyofanana ni uzembe wa watengenezaji, na hilo nitalisema hadi nichoke.

Sasa dawa. Kama laptopu ni ya Windows na bado haijawekwa iTunes, usiiweke. Narudia, usiiweke kwanza. iPod nyingi za kigurudumu na nano zikichomekwa kwenye kompyuta isiyo na iTunes zinatokea tu kama diski ya kawaida, kama fleshi vile, manake hamna programu ya kuja kuuliza maswali ya kufuta. Watu wengi wanaanza kwa kudaunilodi iTunes kwa sababu wanaona ndo adabu ya iPod, kumbe ndo wanamwita mchinjaji nyumbani. Kama iTunes imeshawekwa tayari, basi shika vitufe vya Shift na Ctrl kwa pamoja kabla hujachomeka waya, chomeka, na usiachie mpaka iPod itokee kwenye iTunes. Kwenye Mac zenye iTunes ni Command na Option. Hiyo inazuia isianze kusinki yenyewe. Alafu ingia kwenye mipangilio, sehemu ya vifaa, weka tiki kwenye ile ya kuzuia iPod na iPhone zisijisinki zenyewe, hapo unaweza kupumua.

Ujumbe ukitokea hata hivyo, ni Cancel. Usibabaike na kile kitufe kingine cha Transfer Purchases, hicho kinahamisha zile ulizonunua kwenye duka la Apple tu, zile ulizotoa kwenye sidii zako mwenyewe au ulizopewa hakizigusi, na nimeona watu wanakibonyeza wakidhani kimehamisha kila kitu, wakaridhika, wakaja kusinki baadaye. Kilio.

Kuna ujumbe mwingine mbaya kuliko huo, na huo hautoki iTunes, unatoka kwenye Windows yenyewe. iPod iliyoanza maisha yake kwenye Mac inakuwa imefomatiwa kwa mtindo wa Mac unaoitwa HFS Plus, Windows haiusomi huo mtindo, sasa ikikutana nayo inakuambia diski hii lazima ifomatiwe kabla hujaitumia, unataka kufomati? Mtu anaona kama iPod imeharibika. Haijaharibika, Windows ndo haijui kusoma. Kataa. Tafuta mtu mwenye Mac akukopie, au tumia kompyuta yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ambao unausoma, hata ile Linux ya kuwasha toka kwenye fleshi bila kuiweka kwenye kompyuta inatosha. Upande wa pili hamna shida, iPod iliyofomatiwa kwenye Windows iko kwenye FAT32 na hiyo Mac inaisoma vizuri tu.

Na kabla hujalaumu chochote angalia waya. Siku hizi nyumba zimejaa waya za kuchajia tu ambazo ndani hazina nyaya za kupitisha data, iPod inachaji vizuri, kompyuta haioni kitu, mtu anaanza kuamini kidude kimekufa. Badili waya. Kama bado, iPod za kigurudumu zina njia ya kulazimishwa kuwa diski, unashika Menu na kile kitufe cha katikati mpaka alama ya tufaha itokee, hapohapo unahamia kitufe cha katikati na cha Play, unashikilia mpaka iandike kwamba iko kwenye hali ya diski. Kuna wanaokosa mara ya kwanza kwa kuchelewa kuhamisha vidole, rudia tu, haileti madhara.

Haya, diski imetokea, unaifungua na unakuta... hamna nyimbo. Hapa ndo watu wanapata presha. Nyimbo zipo ila zimefichwa. Kwenye Windows nenda sehemu ya muonekano weka tiki kwenye faili zilizofichwa, kwenye Mac bonyeza Command, Shift na nukta. Itatokea folda iliyofifia inaitwa iPod_Control, ndani yake kuna Music, na ndani ya Music kuna folda F00, F01, F02, zinaendelea hivyohivyo. Ukifungua mojawapo utakuta faili zenye majina ya herufi nne nne tu zisizo na maana yoyote. Ni kama kuhamia nyumba na kukuta vyombo vyote vimefungwa kwenye magazeti bila maandishi. Usianze kubadilisha majina, na usihamishe kwa kukata, KOPI. Chukua folda nzima ya iPod_Control, sio Music peke yake, nitasema kwanini, ipeleke kwenye kompyuta, alafu nenda kale. Diski za iPod za zamani sio za haraka, ile ya GB 160 ikiwa imejaa inaweza ikala masaa.

Ikimaliza linganisha. Bonyeza kulia folda ya kwenye iPod uone idadi ya faili na ukubwa, fanya hivyo kwa nakala, namba zifanane. Alafu fungua faili kadhaa za folda tofauti zisikilize, na usisikilize sekunde mbili za mwanzo tu, sogeza hadi katikati. Namba zikifanana na nyimbo zikapiga, sasa hata Erase and Sync haikutishi tena. Wakati wa kuchomoa angalia skrini ya iPod yenyewe, ikiwa imeandika usichomoe, yaani ile Do Not Disconnect, itoe kwanza kwenye kompyuta kwa njia yake, usivute tu waya kama unang'oa jani.

Sasa zile herufi nne. Jina la kweli la wimbo, msanii, albamu, namba ya wimbo, vyote kwa faili za aina ya MP3 na AAC vimeandikwa ndani ya faili lenyewe, kwenye vitambulisho vyake, jina la nje la faili halina kazi. Kwahiyo weka iTunes, kwenye mipangilio, sehemu ya Advanced, weka tiki mbili, ile ya kukopi faili kwenye folda ya iTunes unapoziongeza na ile ya kuweka folda katika mpangilio, alafu mwambie aongeze folda, mwonyeshe ile nakala. Atasoma vitambulisho, atatengeneza folda ya kila msanii na ndani yake ya kila albamu, na faili linarudishiwa jina lake. Raha sana kuangalia. Kama folda ya nakala imefifia kwa sababu ilikopiwa na ule ufiche wake, ingia kwenye sifa zake uondoe tiki ya kufichwa kwanza.

Hapa sasa nilete kisa cha shemeji yangu, manake ndo kilinifundisha ile sababu ya kukopi iPod_Control nzima. Laptopu yake ya zamani ilikufa ghafla bodi, akanunua nyingine, akaja na iPod classic mkononi na laptopu mpya bado ina zile nailoni. Akaniambia nyimbo za kawaida hata hazimuumizi kichwa, atazipata tena kwenye mitandao ya kusikiliza, tatizo lake ni rekodi za kwaya yao za mazoezi alizokuwa anarekodi mwenyewe na kinasa sauti kidogo, hizo hazipo popote duniani zaidi ya hapo. Alikuwa keshashika waya tayari. "Shem, subiri, usichomeke kwanza," nikamwambia, "iTunes umeweka?" Akasema bado. Nikashukuru Mungu.

Tukakopi, namba zikafanana, tukaweka iTunes, tukaongeza folda, nyimbo zote za wasanii zikajipanga vizuri, alafu chini kabisa likatokea kundi la mafaili yenye herufi nne vilevile, hamna msanii, hamna jina, hamna kitu. Ndo rekodi za kwaya. Shemeji akawa mdogo kama piriton. "Lakini kwenye iPod majina yanaonekana," akasema, akaizungusha ile gurudumu akanionyesha, na kweli kila rekodi ina jina lake, ile ya sauti ya pili peke yake, ile ya wote pamoja, ile waliyorudia baada ya kubadilisha ufunguo.

Kumbe kinasa sauti chake kilikuwa kinarekodi faili za aina ya WAV, sauti isiyobanwa. Faili la WAV iTunes haiandiki kitambulisho ndani yake, jina ulilolichapa linakaa kwenye daftari la iTunes peke yake, na ukisinki linaenda kwenye daftari la iPod, faili moja linaloitwa iTunesDB lililoko kwenye iPod_Control, kwenye folda iitwayo iTunes. Kwahiyo ukikopi Music peke yake umekopi sauti bila majina. Na sio majina ya WAV tu, pleilisti ziko humo, nyota ulizozipa nyimbo ziko humo, idadi ya mara ulizousikiliza wimbo iko humo. Hata picha za albamu ambazo iTunes ilizitafuta yenyewe mtandaoni mara nyingi hazimo ndani ya faili la wimbo.

Kuna programu zinazojua kusoma iTunesDB, Rhythmbox ya Linux ni mojawapo, ukichomeka iPod inakuonyesha nyimbo na pleilisti kwa majina yake kamili na unaweza kuzivuta toka humo kwenda kwenye kompyuta. Kwa mtu mwenye pleilisti nyingi hiyo ndo njia ya kufuata, asijitese. Ila rekodi za shemeji hazikuwa nyingi kihivyo na yeye alitaka tumalize palepale, tukatumia urefu. Kwenye iTunes upande wa orodha kuna safu ya muda, kwenye iPod ukianza kupiga wimbo upande wa kulia inaandika muda uliobaki, yeye anapiga anasema "nne na thelathini na saba", mimi natafuta 4:37 kwenye orodha, namkuta mmoja tu, nachapa jina. Mbili zilizofanana dakika na sekunde tulizisikiliza, akazitambua kabla hata ya mstari wa kwanza kuisha, kwa kukohoa kwa mtu wa besi.

Baada ya hapo tukazigeuza zote kuwa faili za aina ya Apple Lossless, iTunes inafanya hiyo yenyewe, sauti haipotezi chochote, faili linapungua sana ukubwa, na kikubwa zaidi lina kitambulisho ndani, kwahiyo safari nyingine jina linaenda na faili. WAV ya ubora wa sidii inakula karibu MB 10 kwa dakika moja alafu hata jina haibebi, sijui kwanini watu wanaing'ang'ania kuhifadhia.

Kwa nyimbo za kawaida zisizo na vitambulisho, zile za kurushiana zamani, kuna programu inaitwa MusicBrainz Picard, ya bure, inausikiliza wimbo wenyewe na kuulinganisha na hifadhi yao mtandaoni alafu inaujaza jina. Inapatia sana kwa nyimbo zilizotolewa rasmi. Ila usiipe folda nzima alafu ukalala, saa ingine inachukua wimbo wa albamu ya kawaida inaubandikia albamu ya mkusanyiko, albamu moja inasambaa vipande vipande. Pitia kabla ya kusevu.

Pleya zingine zote, hizi za MP3 za kawaida, nizipitie haraka kwa sababu hazina mambo mengi. Zikitokea kama fleshi, kopi, umemaliza. Zingine kama Walkman na Creative Zen nyingi zinatumia njia inaitwa MTP, Windows inazijua bila shida, Mac haizijui mpaka uweke programu ya pembeni, ni vivyohivyo kwa simu za Android. iPod touch ni habari nyingine kabisa, yenyewe haikufungulii folda za muziki kama hizo za kigurudumu, kwa hiyo unahitaji programu maalumu ya kuvuta nyimbo, na nyingi ni za kulipia. Na zile iPod za mwanzo mwanzo kabisa zinapitisha data kwa FireWire, tundu ambalo laptopu mpya hazina, hapo tafuta kompyuta ya zamani ya mtu, ndo njia yenye maumivu machache. Iwe ni pleya gani, ukisikia diski inagonga kwa ndani, tik, tik, usikopi yote kwa mkupuo, anza na zile usizoweza kuzipata tena.

Alafu ukishakuwa na nakala, iweke iPod, ndani ya iTunes, kwenye ile hali ya kusimamia muziki kwa mkono. Hapo haifuti kitu mpaka wewe mwenyewe ukifute, na unaongeza wimbo kwa kuuburuta. Mimi zote ninazoletewa naziacha hivyo, kama mwenyewe anataka kujisinki atajibadilishia nyumbani kwake.

Mwisho, hayo yote ni ya mtu ambaye kompyuta yake ya zamani haiwaki. Kama inawaka, hata usihangaike na iPod. Kwenye ile ya zamani fungua iTunes, kwenye menyu ya faili, sehemu ya maktaba, kuna kipengele cha kukusanya faili zote sehemu moja, kitumie, manake nyimbo za watu zimetapakaa mpaka kwenye folda ya vitu vya kudaunilodi. Ikimaliza funga iTunes, kopi folda nzima ya iTunes iliyoko kwenye Music uipeleke kwenye diski ya nje, kisha kwenye folda ya Music ya kompyuta mpya, alafu fungua iTunes huku umeshika Shift, au Option kwa Mac, itakuuliza maktaba iko wapi, mwonyeshe. Pleilisti, nyota, idadi ya kusikiliza, vyote vinakuja, na mara nyingi iPod inaitambua maktaba yake bila hata kuuliza. Kama una nyimbo ulizonunua Apple kabla ya 2009, zile zinazoishia na m4p, zimefungwa na zinapiga kwenye kompyuta zilizoidhinishwa tu, mwisho tano, kwahiyo iondolee ile ya zamani idhini yake kabla hujaifuta au hujampa mtu, manake ikishaondoka mikononi mwako inaendelea kukaa kwenye hesabu ya zile tano.